Somo: kusoma majibu ya damu ya farasi

Karatasi ya maabara ikija usikimbilie zile namba zenye alama nyekundu, anza na farasi mwenyewe, damu ilitolewa akiwa ametulia ama ametoka kukimbia?

Hatua ya 1 ni PCV, yaani asilimia ya seli nyekundu kwenye damu. Farasi wa mbio aliyetulia hucheza kama kati ya 32 na 48. Hapa ndo wengi tunanaswa, maana wengu wa farasi unaweka akiba kubwa ya seli nyekundu na akishtuka tu unazimwaga. Nishawahi kumkimbiza jike mmoja uwanjani robo saa nzima ndo akashikika, nikamtoa damu palepale jasho linamchuruzika shingoni, PCV ikaja 56, tukahangaika na maji tukijua amekaukiwa, kesho yake anatafuna nyasi zake kwa raha tunapima tena, 39! Siku hizi naandika kwenye chupa kabisa, "ametulia" au "amekimbizwa".

Kwa hiyo isome PCV pamoja na protini ya damu. Zikipanda zote mbili, hapo ndo amekaukiwa kweli.

Hatua ya 2, seli nyeupe. Zikishuka sana kwa farasi mgonjwa msifurahi, mara nyingi zimekimbilia kwenye ugonjwa, hasa wa utumbo. Kuna pia fibrinojeni na SAA, protini za damu zinazopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi. Fibrinojeni inachelewa siku mbili hivi, SAA hupanda ndani ya saa chache, ukiwa na hela ya kimoja lipia SAA.

Hatua ya 3, misuli. CK na AST ni vimeng'enya vinavyovujia kwenye damu misuli ikiumia. CK hupanda na kushuka haraka, AST inakaa wiki kadhaa. AST juu na CK ya kawaida, huenda misuli iliumia siku zilizopita.

Swali: Bilirubini, ile rangi ya manjano ya kwenye damu, iko juu na macho yana umanjano, ini limeisha?
Jibu: Kwanza, anakula? Farasi akigoma kula siku mbili bilirubini hupanda hata ini likiwa zima, angalia GGT, kimeng'enya cha ini. Ila akiwa na homa na PCV imeshuka, wazia kupe, omba damu iangaliwe vimelea kwa hadubini.

Swali: Niko Lamu, namba hizi natumia kwa punda?
Jibu: Hapana ndugu, omba za punda. Punda anakaukiwa kimyakimya, PCV inachelewa kupanda. Na akigoma kula, iache chupa isimame, maji ya juu yakiwa meupe kama tui hayo ni mafuta yamejaa kwenye damu, mpigie daktari leo leo usingoje kesho.