Samaki wa kitenge melini: kushona, kuficha na kupiga picha kwenye safari ya familia ya Karibi

Kwenye meli za kitalii za Bahari ya Karibi kuna mchezo ulioshika kasi tangu mwaka 2018. Abiria huficha bata wadogo wa mpira kwenye kona za meli, na anayemkuta bata humchukua akaenda naye nyumbani au humficha tena mahali pengine. Bata wa dukani ni rahisi, lakini ni plastiki, na kila mtu anao. Familia yenye sindano, uzi na mabaki ya kitenge inaweza kuficha kitu ambacho mtu atakiweka kabatini miaka kumi: samaki wa kushona kwa mkono.

Maelekezo haya yanafuata safari ya kawaida ya usiku 7 kutoka Miami kwenda Cozumel ya Meksiko, Grand Cayman katika Visiwa vya Cayman, na Ocho Rios huko Jamaika. Ukipita bandari nyingine mambo mengi hayabadiliki.

Karatasi za safari

Nyumba nyingi za Waswahili walioko Marekani zina watu wenye hati za aina tofauti, na hapo ndipo safari huvunjika bandarini. Raia wa Marekani anayepanda meli inayoanzia na kuishia bandari ileile ya Marekani anaruhusiwa kusafiri na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chenye picha. Nafuu hiyo haimhusu shangazi aliyekuja kutembea kutoka Mombasa au Mwanza. Yeye ataulizwa pasipoti na viza ya Marekani ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa kuwa meli ikishaondoka amekwisha toka nchini. Mwenye kadi ya ukaazi abebe kadi hiyo pamoja na pasipoti. Aliyeomba hifadhi na kesi yake haijaisha asikate tiketi kabla ya kuongea na mwanasheria, maana kutoka nchini bila kibali cha kurudi kunaweza kuiua kesi.

Msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele ni kati ya Agosti na Oktoba. Tiketi za Septemba huwa nafuu kwa sababu hiyo hiyo: meli inaweza kubadilishiwa bandari dakika za mwisho. Kwa hiyo usiandike jina la bandari kwenye lebo za samaki. Andika mwezi na mwaka tu.

Kushona samaki

Kwa familia ya watu wanne, samaki 30 wanatosha. Ishirini wa kuficha, wanane wa kuwapa wafanyakazi wa meli mkononi, wawili wa akiba. Yadi moja ya kitenge inatoa vipande vyote na kubaki, ila mabaki ya rangi mchanganyiko hupendeza zaidi. Andaa pia gramu 200 hivi za pamba ya polyester, ile ya kujazia mito, uzi imara, na kadibodi ya boksi la nafaka.

Fua kitenge kwanza kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe, kianike, kipige pasi. Hatua hii watu huiruka, na matokeo yake ni samaki anayechuja rangi nyekundu kwenye shati jeupe la aliyemwokota. Kitambaa kipya pia kina wanga, hukakamaa na kuifanya sindano iwe nzito.

Chora samaki kwenye kadibodi: urefu sentimita 11, kimo sentimita 7, mwili wa yai na mkia mfupi mpana. Usichore mapezi membamba, hayageuziki. Laza vipande viwili vya sentimita 12 kwa 8, sura kwa sura (pande za nje zikitazamana), chora kwa penseli kufuata kadibodi, kisha shona juu ya mstari. Kwa mkono tumia mshono wa kurudi nyuma, wenye hatua za milimita 3. Acha tundu la sentimita 3 tumboni. Ukiliacha mkiani utahangaika kulifunga na samaki atakuwa na kovu.

Kata pembeni ukiacha nusu sentimita. Pale mkia unapokutana na mwili, chanja kitambaa kwa ncha ya mkasi mpaka karibu milimita 2 na uzi. Usipochanja, shingo ya mkia itajikunja na hakuna pasi itakayoinyoosha. Ukichanja ukafika kwenye uzi, samaki atapasuka ukimjaza. Mgeuze kwa kitako cha penseli, si ncha. Jaza mkia kwanza kwa vipande vidogo vya pamba, halafu mwili, kisha ziba tundu kwa mshono wa kufichwa, uzi ukipita ndani ya mikunjo usionekane nje.

Tarizi jicho kwa uzi. Vifungo na shanga hung'oka, na hujui samaki ataokotwa na mtoto wa umri gani. Kitanzi cha kuning'inizia kisizidi sentimita 8. Usitumie mbegu, makombe, majani makavu wala mchanga kama mapambo au kijazio. Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi zinazopendwa kwenye mikufu ya pwani ni sumu, na vitu vya mimea ambavyo havijasindikwa huleta maswali forodhani.

Lebo iwe karatasi ngumu ya sentimita 5 kwa 7, iliyopigwa leminesheni na kukatwa pembe ziwe za mviringo. Ifunge kwa uzi, usitumie pini. Maneno machache kwa Kiingereza na Kiswahili yanatosha: umenipata, nichukue au nifiche tena, nimeshonwa na familia kutoka mji fulani. Jina la ukoo, majina ya watoto na namba ya chumba visionekane popote. Ukitaka aliyempata akutumie picha, fungua barua pepe mpya ya kazi hiyo pekee.

Unapopakia

Samaki 30 wanaingia kwenye mfuko mmoja wa zipu ukiutoa hewa. Waweke kwenye begi la mkononi, kwa sababu mabegi makubwa huchukuliwa bandarini na huenda yakafika chumbani jioni. Sindano na uzi vinaruhusiwa. Mkasi uwe mdogo, makali yasizidi inchi 4. Pasi ya nguo na nyaya za kuongeza soketi zenye kinga ya umeme hunyang'anywa wakati wa ukaguzi. Drone iache nyumbani: kampuni nyingine haziruhusu kabisa kuiingiza, nyingine hukataza kuirusha melini.

Kuta za vyumba vya meli kwa kawaida ni za chuma, kwa hiyo ndoano za sumaku nne au tano zitakusaidia kutundika kofia, kamera na nguo za kuogelea. Nguo zenye mabaka ya kijeshi usibebe, hata kaptula ya mtoto. Jamaika na visiwa kadhaa vya Karibi vinazikataza kwa raia, na polisi hawaangalii umri.

Pa kuficha, na pasipofaa

Kabla ya yote, uliza huduma kwa wateja kama kampuni yenu inaruhusu. Sheria hutofautiana na hubadilika.

Mahali pazuri ni pale mtu anapopita akisimama kidogo: vipumziko vya ngazi, rafu za maktaba, kingo za madirisha kwenye kumbi, vyungu vya maua bandia, meza ya michezo ya bao na karata. Mfiche nusu. Samaki asiyeonekana kabisa ataokotwa na mfanyakazi wa usafi na kuishia kwenye kapu la vitu vilivyopotea. Gawa wanne kwa siku kwa siku tano. Siku ya kwanza usifiche, kila mtu bado anatafuta chumba chake, na usiku wa mwisho wengi wanafunga mabegi.

Usifiche dukani, ambako samaki ataonekana ni bidhaa na mtoto wa watu atatuhumiwa kuiba. Usifiche penye chakula, kwenye mabwawa, wala karibu na vizima moto, majaketi ya kuokolea na boti za dharura. Kwenye reli za sitaha za nje ndiko hatari zaidi. Upepo wa meli inayokwenda humchukua samaki na lebo yake baharini, na kutupa plastiki baharini ni marufuku kwa mkataba wa kimataifa wa MARPOL. Lebo ya leminesheni ni plastiki, na pamba ya polyester vilevile. Kwa sababu hiyo hiyo samaki wasifichwe ufukweni wala majini kwenye visiwa. Huko mkabidhi mtu: muuza madafu, dereva wa teksi, mwongozaji.

Picha: uso mweusi, mchanga mweupe

Hapa ndipo picha nyingi za familia zetu huharibikia. Kamera hupima mwanga wa fremu nzima. Ikiona mchanga mweupe wa Seven Mile Beach, ufukwe wa Grand Cayman, na maji yanayong'aa, inadhani kuna mwanga kupita kiasi na inapunguza. Mchanga unatoka kijivu, na uso wa mtoto unabaki macho na meno tu.

Kwenye simu, gusa uso kwenye skrini, shikilia kidole mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, kisha sogeza kidole juu mpaka ngozi ionekane na rangi yake. Mchanga ukipauka kidogo, acha upauke. Hakuna atakayetundika picha ya mchanga ukutani. Kwenye kamera ongeza eksposha (kiasi cha mwanga wa picha) kwa +1, piga, kagua uso, na ongeza tena hadi +1.7 ikibidi. Kama jua liko nyuma ya watu, pima mwanga wa uso peke yake kwa kipimo cha nukta.

Njia bora zaidi haihitaji kitufe. Waweke watu chini ya mwavuli au ukingo wa kibanda, hatua moja ndani ya kivuli, wakitazama nje kwenye mchanga wenye jua. Mchanga unarusha mwanga laini usoni kutoka chini, na vivuli vya kofia na mashimo ya macho vinafutika. Hata saa sita mchana inafanya kazi. Watu wa rangi tofauti katika familia moja wakipigwa pamoja, pima kwa ngozi nyeusi kuliko zote na mwenye ngozi nyeupe asimame ndani zaidi ya kivuli.

Kuondoka Miami kuna mtego wake. Meli hutoka bandarini ikielekea mashariki, hivyo mji unabaki upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, na jua la jioni liko nyuma ya majengo. Ukiwasimamisha watu mji ukiwa nyuma yao, jua linaingia kwenye lenzi. Washa flashi hata kama ni mchana, ukiwa karibu nao, mita 2 tu. Au piga vivuli vyao vyeusi kwa makusudi.

Kwa picha ya samaki mwenyewe, shuka chini mpaka lenzi iwe usawa wa jicho lake. Piga tatu: mkono wa mtoto ukimweka, samaki peke yake kwa karibu, kisha hatua sita nyuma ili ukumbi uonekane na samaki abaki nukta ya rangi. Hiyo ya tatu ndiyo inayosimulia. Usizitume mtandaoni mpaka mmefika nyumbani: zinaonyesha samaki alipo, na zinatangaza kuwa nyumba yenu haina mtu. Watoto wa wengine wasiingie kwenye fremu bila wazazi kukubali.

Vitu vinavyoharibu picha

Ukungu wa lenzi unaongoza. Chumba kina kiyoyozi, nje kuna joto na unyevu, na kioo baridi hukusanya maji papo hapo. Toa kamera dakika 30 mapema ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa zipu, au ilaze usiku kwenye baraza la chumba ikiwa mfukoni na mlango umefungwa. Ukifuta ukungu kwa shati unapaka chumvi na losheni, na picha zote za siku zinatoka kama zina moshi. Losheni ya jua ndiyo sababu ya pili: kapteni wa simu awe mtu mmoja mwenye vidole vikavu. Chumvi ifutwe kwa kitambaa laini kilicholowa maji baridi yasiyo ya bahari, kisha kikavu.

Usiku meli hutetema kwa injini, kwa hiyo kamera juu ya stendi ya miguu mitatu haitatulia. Shika mkononi, kasi ya kupiga isishuke chini ya 1/60 ya sekunde kwa waliosimama na 1/125 kwa wanaotembea, na ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga) iwe 1600 hadi 3200.

Kwenye maporomoko ya Dunn's River, Ocho Rios, mnapanda miamba mkiwa mmelowa kwa takriban mita 180. Viatu vya maji ni lazima. Simu ikae kwenye mfuko usiopenya maji uliojaribiwa nyumbani kwa kuuzamisha majini nusu saa ukiwa na karatasi ya chooni ndani. Kuna kivuli kingi cha miti, hata hivyo watu wapigwe kwa 1/250.

Saa nayo huharibu siku. Jamaika, Cayman na Cozumel hawabadilishi saa majira ya joto, Miami inabadilisha. Simu ikijirekebisha yenyewe kisiwani inaweza kusema saa tisa wakati meli inahesabu saa kumi, na meli haisubiri. Uliza kila asubuhi kama saa ya meli imebadilika, vaa saa ya mkononi iliyowekwa kwa saa hiyo, na simu iwe kwenye hali ya ndegeni, ambayo pia inakuepusha na bili ya mtandao wa simu wa melini.

Kila usiku nakili picha kwenye flashi ya kuchomeka kwenye simu au diski ndogo. Usitegemee kuzipandisha mtandaoni, intaneti ya meli ni ghali na huchoka. Usifute memori kadi mpaka mfike nyumbani.

Asubuhi ya kushuka

Samaki waliobaki wape mhudumu wa chumba na wahudumu wa meza, pamoja na bakshishi, si badala yake. Kagua mliowaokota wa wengine: kama wana makombe, mbegu au mbao zenye maganda, tangazeni forodhani au waacheni melini. Matumbawe yaliyookotwa ufukweni yasiingie kwenye begi kabisa. Kamera na simu ziwe mfukoni kabla ya foleni ya uhamiaji, kupiga picha hapo hakuruhusiwi.