Kabla ya kutoka na watoto: nyika za juu, mito na misitu

Matembezi ya familia hupangwa kwa miguu ya yule mdogo kuliko wote. Hili husemwa sana lakini halifuatwi, kwa sababu mtu mzima akishaona picha ya maporomoko ya maji au kilele fulani, moyo wake umeshafika huko, na kinachobaki ni kuwashawishi watoto. Fanya kinyume. Jiulize kwanza mtoto wako huweza kutembea muda gani kabla hajachoka kwelikweli, kisha tafuta njia inayoenea ndani ya muda huo na kubakiza ziada.

Kuna kanuni ya kukadiria muda ambayo Mskoti William Naismith aliitoa mwaka 1892 na ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni kanuni ya mtu mzima mwenye nguvu, asiyesimama njiani. Ukiwa na watoto, zidisha mara mbili. Njia ya kilomita 6 yenye mita 300 za kupanda, ambayo Naismith angeimaliza kwa saa moja na dakika 40 hivi, itengee saa tatu na nusu, na muda wa kula uwe juu ya hapo. Mtoto akikuta kijito atataka kurusha mawe, akikuta mdudu atachuchumaa kumtazama. Usiuone muda huo kama uliopotea, kwa sababu kwa mtoto matembezi yenyewe ndiyo hayo.

Kwa siku za mwanzo napendekeza njia ya kwenda na kurudi palepale kuliko ya mzunguko. Kwenye mzunguko, ukishavuka nusu huna faida tena ya kugeuka, hata mtoto akianza kulia. Kwenye njia ya kwenda na kurudi mnaweza kugeuka wakati wowote, na mnageuka mkiwa mnaifahamu ardhi. Muhimu zaidi, amueni saa ya kugeuka mkiwa bado nyumbani, na wote waijue. Mkisema saa saba mchana mnageuka, basi saa saba mnageuka, hata kama kilele kinaonekana. Mtu aliyechoka na aliyekaribia lengo hafanyi uamuzi mzuri, ndiyo maana uamuzi huo usiachwe ufanyike huko.

Sasa nyika yenyewe. Nyika za juu ni nyanda wazi za nyasi ngumu, vichaka vifupi na udongo mweusi wa mboji ulioshiba maji. Ziko za mwinuko mdogo, kama Dartmoor huko Uingereza, ambako kilele kirefu kuliko vyote kina mita 621 tu, na ziko za juu sana, kama za Mlima Kenya, zilizo juu ya mita 3,000. Zote zina tabia moja: hakuna pa kujificha. Upepo, jua, mvua na radi vinakukuta umesimama peupe. Joto hupungua kwa nyuzi 0.65 hivi kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo mkianza kutembea kwenye nyuzi 18, mita 600 juu zaidi tarajieni nyuzi 14, na hapo upepo haujahesabiwa. Kwenye mwinuko unaozidi mita 2,500 pia kuna ugonjwa wa mwinuko. Mtoto mdogo hawezi kukueleza kwamba kichwa kinamuuma, atakataa chakula na kulialia tu. Dawa ya kwanza ni kushuka.

Baridi ndiyo ninayoiogopa kuliko yote, kwa sababu huja taratibu na hukuta mzazi ana joto. Mtoto hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima, maana ngozi yake ni pana ukilinganisha na uzito wake. Na aliye kwenye kibebeo cha mgongoni yuko kwenye hatari zaidi: wewe unapanda, unatoka jasho, umeshavua koti, naye nyuma yako amekaa tuli, miguu inaning'inia kwenye upepo, mikanda imebana mapaja. Kila baada ya dakika 15 au 20 simameni. Mguse shingo kwa nyuma na kifua chini ya nguo, kisha vidole vya mikono na miguu. Vidole baridi ni onyo la kumwongezea nguo na kumtoa atembee kidogo. Kifua kikiwa baridi, matembezi yameishia hapo.

Kwa hiyo nguo zichaguliwe kwa makini. Pamba haifai kuwa karibu na ngozi siku ya mvua, kwa sababu hunyonya maji na kuyakalia. Sufu hubakiza joto hata ikilowa, na vitambaa vya michezo visivyonyonya maji vinafaa pia. Kila mtoto awe na koti la mvua, kofia, glavu na seti nzima ya nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, hata kama asubuhi jua linawaka. Soksi ziwe jozi mbili za ziada. Dalili za mwili kupoa kupita kiasi, yaani joto la ndani kushuka chini ya nyuzi 35, huanza na kutetemeka, kisha ulimi mzito, kujikwaa na kusinzia. Kwa watoto mimi huangalia jambo moja kabla ya hayo: aliyekuwa akiongea njia nzima akinyamaza, simama umchunguze. Mkingeni upepo, mbadilisheni nguo zilizolowa, mfungeni pamoja na mtu mwenye joto, mpeni kitu kitamu ikiwa yu macho na anaweza kumeza. Msimsugue mikono wala miguu.

Mito inahitaji kufikiriwa ukiwa na ramani mezani. Hesabu mara ngapi njia inakata maji, na kila mahali uliza: kuna daraja? Njia yenye madaraja ndiyo ya familia. Kivuko cha mawe kinachopitika vizuri asubuhi kinaweza kisipitike alasiri, kwa sababu mboji iliyojaa maji haimezi mvua nyingine. Mvua ikinyesha kilimani, maji yanateremka mtoni upesi, hata kama mlipo hamjaona tone. Na mkondo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne.

Maji ya mito ya nyikani huwa na rangi ya chai kwa sababu ya mboji, na hilo si tatizo. Rangi ikigeuka kuwa tope, na vijiti na majani vikaanza kuelea, mto unajaa: tokeni kingoni. Mkikaa kupumzika kando ya maji, chagua jiwe moja lililo nusu ndani ya maji na ulitazame kila baada ya dakika chache. Ikiwa lazima mvuke bila daraja, kina kisizidi goti la mtoto, si goti lako, na mahali pawe pana, pasiwe juu ya maporomoko, na mikanda ya begi ifunguliwe ili ukianguka uweze kulivua. Mkiwa na shaka, msivuke. Maji ya kunywa yatoke nyumbani. Ya mtoni, hata yakiwa maangavu, yachemke dakika moja, au dakika tatu mkiwa juu ya mita 2,000.

Kuhusu ardhi ya kinamasi, wafundisheni watoto jambo moja: kijani cha kung'aa kilicholala bapa bila nyasi ndefu si uwanja wa kuchezea, mara nyingi chini yake ni maji. Mtu mzima atangulie na fimbo.

Radi ihesabiwe. Kutoka kumweka hadi ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Ikiwa hazifiki sekunde 30, shukeni kutoka mgongo wa kilima mara moja, wala msikae chini ya mti uliosimama peke yake.

Msituni kuna nafuu ya upepo, ila siku ya upepo mkali msikae chini ya matawi makavu. Kama eneo lina kupe, vaeni suruali ndefu zilizochomekwa kwenye soksi, na jioni mkague watoto nyuma ya magoti, kwapani, kinenani na nyuma ya masikio. Kupe hutolewa kwa kibano chembamba, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja. Usimpake mafuta wala kumchoma. Begi la huduma ya kwanza likiwa na kibano, bendeji, plasta za malengelenge na dawa za kila mmoja, linatosha.

Simu ibebwe ikiwa imejaa chaji, ikae ndani ya nguo kwa sababu baridi humaliza betri, lakini ramani ya karatasi na dira viwepo. Kwenye ramani ya 1:25,000, sentimita 4 ni kilomita moja. Mwachie mtoto mkubwa kidogo ahesabu. Tochi iwepo hata kwa safari ya asubuhi. Kila mtoto avae filimbi shingoni, na ajue ishara ya dharura ya milimani: mara sita ndani ya dakika moja, dakika moja ya kimya, kisha tena. Jibu ni mara tatu.

Mwaka 1981, baada ya mtoto kupotea kwenye mlima Palomar huko California, ulianzishwa mpango wa kuwafundisha watoto kukumbatia mti wakipotea. Maana yake ni kukaa mahali pamoja. Mtoto anayeendelea kutembea hutoka nje ya eneo linalotafutwa. Mfanyisheni zoezi hilo bustanini kabla ya safari: ukishindwa kutuona, shika mti ulio karibu, piga filimbi, hutakaripiwa. Hayo maneno ya mwisho yasisahaulike, kwa sababu wapo watoto wanaojificha wakidhani wamekosea.

Jioni ya kuamkia safari, mpeni mtu mnayemwamini jina la njia, mahali mtakapoacha gari, idadi yenu, na saa ambayo akiwa hajawasikia apige simu kwa waokoaji. Saa hiyo iwe wazi, kwa mfano saa kumi na mbili jioni, isiwe "tukichelewa." Mkishuka salama mpigieni kwanza, kabla ya kuvua viatu.