Jinsi ya Kuomba Nakala za Saraka za Kale za Miji kwa Utafiti wa Ukoo na Historia ya Mitaa

Saraka ya mji ni kitabu kilichoorodhesha wakazi kwa mfuatano wa alfabeti, pamoja na kazi na anwani zao, na katika miji mingi kilitolewa upya kila mwaka au kila baada ya miaka michache. London ilichapisha orodha ya wafanyabiashara wake mwaka 1677, Philadelphia ikapata saraka zake za kwanza mwaka 1785, na New York mwaka 1786. Kwa anayetafuta ukoo wake nchini Marekani, vitabu hivi ni hazina, kwa sababu sehemu kubwa ya kumbukumbu za sensa ya 1890 iliangamia kutokana na moto uliozuka Washington mwaka 1921, na kati ya sensa ya 1880 na ile ya 1900 pakabaki pengo la miaka 20 ambalo saraka huliziba mwaka kwa mwaka.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kitabu unachokitaka hakipo tayari kwenye mtandao. Maktaba ya Umma ya New York imeweka mtandaoni saraka za jiji hilo kuanzia ile ya 1786, Maktaba ya Taifa ya Scotland ina zaidi ya 700 za kati ya 1773 na 1911, na Chuo Kikuu cha Leicester kinahifadhi za Uingereza na Wales. Pitia pia tovuti za Internet Archive, HathiTrust na FamilySearch, ambazo hazitozi ada. Ukifungua kitabu, usitegemee kisanduku cha kutafutia pekee, maana kompyuta husoma vibaya herufi ndogo zilizofifia. Fungua ukurasa wenyewe na ufuate alfabeti kwa macho. Saraka za Marekani zilizochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita hazibanwi tena na hakimiliki, lakini za baadaye nyingi hazijawekwa mtandaoni, na hapo ndipo ombi la maandishi linapohitajika.

Hatua ya pili ni kujua nani anacho kitabu. Anza na maktaba kuu ya umma ya mji wenyewe, kisha chama cha historia cha eneo hilo, maktaba ya jimbo, na Maktaba ya Bunge la Marekani. Katalogi ya WorldCat, inayounganisha orodha za vitabu vya maktaba nyingi, itakuonyesha maktaba zenye nakala, lakini soma kwa makini miaka iliyotajwa, kwa kuwa mkusanyo wa maktaba moja huweza kuruka miaka kadhaa.

Hatua ya tatu, yaani kuandika ombi, ndiyo inayoamua utajibiwa nini. Mkutubi hawezi kukutafutia "habari zote za familia yangu", lakini anaweza kukufungulia kurasa tano ukimwambia ni zipi. Ombi zuri husomeka hivi: "Naomba nakala za kurasa zenye jina la ukoo Kowalski katika saraka za Milwaukee za 1888 hadi 1892. Ninayemtafuta ni Joseph, mwashi. Tafadhali angalieni pia tahajia za Kovalski na Kowalsky. Naomba pamoja nazo ukurasa wa jina la kitabu na ukurasa wa vifupisho wa kila mwaka." Sentensi hiyo ya mwisho wengi huisahau, nami naiona kuwa ya lazima, kwa sababu herufi "r" katika kitabu kimoja humaanisha anaishi hapo, na katika kingine humaanisha nyumba ya uani.

Jaza fomu ya maktaba iwapo ipo, uliza ada kabla ya kazi kuanza, na utaje kama unataka nakala ya karatasi au iliyoskaniwa. Usiombe kuazima kitabu chenyewe, kwani karatasi zake huvunjika kirahisi. Lakini mikrofilamu yake, yaani picha ndogo za kurasa zilizopigwa kwenye filamu, wakati mwingine hutumwa kupitia maktaba iliyo karibu nawe.

Nakala zikifika, zipange kwa miaka na usome mstari mmoja mmoja. Kwa kawaida "h" ni nyumba anamokaa mwenye kaya, "bds" ni mpangaji anayelishwa hapo hapo, na "wid" ni mjane, akifuatiwa na jina la marehemu mumewe. Kumbuka kwamba habari zilikusanywa miezi kadhaa kabla ya kitabu kutoka, na kwamba namba ya nyumba ikibadilika si lazima familia iwe imehama: Chicago ilibadilisha namba za nyumba zake mwaka 1909. Vilevile, jina kukosekana si ushahidi wa kifo, kwa kuwa wake wa watu, vibarua na wapangaji wa muda waliachwa mara nyingi, na katika miji kadhaa Wamarekani Weusi waliwekwa katika orodha ya peke yao.

Ukiona Joseph yupo mwaka 1890, na mwaka 1891 kwenye anwani ile ile ameandikwa Mary, "wid Joseph", umepata kipindi kifupi cha kutafuta kifo chake. Andika ombi jipya kwa ofisi ya kumbukumbu za vifo ya eneo hilo, ukitaja miaka hiyo miwili na anwani hiyo.