Kusoma Tamthilia Papo kwa Papo: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Uigizaji

Kwenye usaili utapewa ukurasa ambao hujawahi kuuona, dakika chache za kuupitia, kisha utaambiwa: "Haya, tusikie." Wengi hukimbilia kulia au kupiga kelele. Kumbe jopo linatafuta mtu aliyeelewa nani anataka nini kwa nani.

Tutumie kipande hiki nilichoandikia darasa:

MAMA: Umerudi mapema.
OKELLO: Teksi iliondoka kabla haijajaa.
MAMA: Na begi liko wapi?
(Kimya. Okello anakaa.)
OKELLO: Chai ipo?

Hatua ya 1. Soma yote kimya, kalamu mkononi, pamoja na maelekezo ya jukwaa. Andika pembeni yaliyomo tu: amerudi kabla ya wakati, alikuwa na begi, sasa hana.

Hatua ya 2. Chokonoa kila jibu. Nani asiyejua kuwa teksi zetu za Uganda, yaani basi dogo za abiria, husubiri abiria wajae? Basi huenda Okello anadanganya, na mama yake anajua. Ndiyo maana habishani naye, anaruka moja kwa moja kwenye begi. Sasa mpe kila mhusika kitenzi. "Okello ana huzuni" haichezeki. "Okello anamzuia mama asiulize zaidi" inachezeka, kwa sababu unamfanyia mwenzako jambo. Ijaribu "Chai ipo?" kwa nia tatu: kukwepa swali, kuomba huruma, kupima kama bado anapokelewa nyumbani. Maneno ni yaleyale, lakini utasikia watu watatu tofauti. Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Hatua ya 3. Chora mstari pale nia inapobadilika. Hapa ni kwenye "Kimya". Usiuruke ukimya huo kwa woga. Mwandishi ameuweka ili uchezwe.

Hatua ya 4. Shika karatasi usawa wa kifua, kidole gumba kikifuata mistari. Chota maneno machache kwa macho, inua uso, mtazame mwenzako, ndipo useme. Akiongea yeye, msikilize, usianze kutafuta mstari wako unaofuata. Ukichelewa sekunde moja kuupata, hakuna atakayekulaumu.

Hatua ya 5. Nyoosha ulimi. Sisi tuliokulia kwenye Kiganda tunachanganya r na l, na "kupiga kura" ikigeuka "kula" tukio zima linapotea. Soma gazeti la Kiswahili kwa sauti kila siku, ukurasa mmoja tu.

Kundi la maigizo la Chuo Kikuu cha Makerere lililozunguka Uganda miaka ya 1960 lilicheza kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Kazi ya namna hiyo haiwezekani kama mwigizaji anategemea kukariri sauti za maneno.

Wiki hii tafuta mwenzako, kila mmoja amletee mwingine ukurasa mgeni. Dakika 5 za kalamu, kisha someni mkiwa mmesimama. Mkimaliza, kila mmoja ataje kitenzi alichokisikia kwa mwenzake. Kisipolingana na ulichoandika pembeni, rudia mstari huo kabla ya kugeuza ukurasa.