Aanze ambaye riwaya haikumwingia

Mkisoma riwaya moja na marafiki, mpeni nafasi ya kwanza yule ambaye haikumwingia. Akianza aliyeipenda, wengine huitikia kwa adabu tu na mazungumzo yanakufa mapema. Ila asiseme "inachosha" akaishia hapo; afungue ukurasa ule ule alipoanza kupiga miayo, asome aya moja kwa sauti. Mara nyingi ndipo mwingine anaruka: "Mbona hapo ndipo paliponikosesha usingizi!" Sasa mna la kubishania: ni mwendo wa hadithi, au mhusika mnayemwona tofauti? Kubalianeni pia sura ya kuishia kila mkikutana. Aliyekwisha kumaliza kitabu afunge mdomo. Hata kile kicheko cha "ngojeni mtaona" kinaharibu uhondo.