Kusafisha picha ghafi: anza na faili moja na kanzu moja nyeupe

Enzi za filamu, kupiga picha ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilifanyika kwenye chumba cha giza, negativu ikisafishwa. Kamera ya leo ikikupa JPEG, yaani faili la kawaida la picha, imeshasafisha picha kwa niaba yako: imechagua rangi, imeongeza ukali, imebana faili, na ambacho haikukihitaji imekitupa. Faili ghafi, lile ambalo menyu ya kamera huliandika RAW, ni negativu ambayo bado haijaguswa.

Tofauti yake unaweza kuihesabu. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi la biti 12 lina ngazi 4,096, na la biti 14 lina 16,384. Ukiivuta JPEG ili uso uliofichwa na kivuli uonekane, ngazi zinaisha na ngozi inatoka mabaka mabaka. Faili ghafi linavutika mbali zaidi.

Kwa Bagamoyo jambo hili si la anasa. Saa 6 mchana kuta za chokaa za Mji Mkongwe zinang'aa, mlango wa nakshi uko kivulini, na mbele yake amekaa mzee mwenye kanzu nyeupe. Kamera ikipima uso, kanzu inaungua na mikunjo yote inapotea. Ikipima kanzu, uso unakuwa kiza. Picha ya namna hii ndiyo ya kujifunzia. (Muombe ruhusa kwanza, tena ukianza na shikamoo.)

Kwenye menyu ya ubora wa picha chagua RAW+JPEG, usichague RAW peke yake. Kwa mwezi wa kwanza JPEG itakuwa kipimo chako, maana utaona kamera ilifanya nini na wewe umefanya nini. Gharama yake ni nafasi. Kwenye kamera ya megapikseli 24, faili ghafi huwa na MB 25 hadi 30, na JPEG yake karibu MB 10. Kadi ya GB 32 itabeba jozi kama 800, kwa hiyo kwa harusi ya siku nzima beba kadi mbili. Mwenye simu tu naye asijitoe: simu nyingi zenye hali ya kitaalamu kwenye kamera huhifadhi faili la DNG, ambalo ni aina ya faili ghafi, na programu ya Snapseed hulifungua bila malipo.

Kwa kompyuta ziko programu mbili za bure zinazotegemewa, RawTherapee na darktable. Darktable ina uwezo mkubwa, lakini humchanganya anayeanza kwa wingi wa vitufe, kwa hiyo anza na RawTherapee. Ukifungua faili ghafi, yenyewe hujaribu kuifananisha picha na JPEG ndogo ambayo kamera imeificha ndani ya faili hilo, kwa hiyo huanzi na picha iliyofifia. Wenye Canon na Nikon wana pia programu za bure za watengenezaji wenyewe. Lightroom ni nzuri, ila inalipiwa kila mwezi, na wa kujifunza hahitaji kuanza na bili.

Sasa upigaji wenyewe, kwa sababu programu haiokoi mwanga ambao haukuingia wala hairudishi uliofurika. Kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, ni kama ndoo. Ikijaa, kinachozidi kinamwagika, na hakuna kitelezi, yaani kitufe cha kusogeza kwenye programu, cha kukirudisha. Ndiyo maana cheupe hulindwa kwanza. Weka kamera kwenye A au Av (wewe unachagua tundu la lenzi, kamera inachagua kasi), shusha fidia ya mwangaza hadi −0.7, piga, kisha tazama histogramu, ile grafu ya mwanga, giza likiwa kushoto na weupe kulia. Kilima kikiwa kimebanana na ukuta wa kulia, kanzu imeungua. Shusha tena kidogo. Histogramu hiyo huchorwa kutokana na JPEG, kwa hiyo faili ghafi mara nyingi lina nafasi kidogo zaidi ya inayoonyeshwa. Nafasi hiyo itumie kama akiba tu.

Usivuke mpaka upande wa pili nao. Wapo wanaoshusha mwangaza hatua tatu (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu) kwa kuamini kwamba RAW itaokoa kila kitu. Ngazi zile 16,384 hazigawanywi sawa: hatua ya mwanga ya juu kabisa huchukua nusu, yaani 8,192, inayofuata 4,096, kisha 2,048, na hatua ya tano inabaki na 512. Na pale ambapo mwanga ni haba, chengachenga (vidoadoa) za kihisio, kipande cha kamera kinachopokea mwanga, zinaonekana kuliko picha yenyewe. Ukivuta uso kutoka huko chini utavuta na chengachenga zake.

Saa nazo zina kauli. Ufukwe wa Bagamoyo unatazama mashariki. Asubuhi, mashua zikirudi na samaki, jua liko nyuma yake na wavuvi wanakuwa vivuli vyeusi. Kuanzia saa 10 alasiri jua liko mgongoni kwako na linaangaza matanga na nyuso. Mwanafunzi apige nyakati zote mbili, ila asafishe ya alasiri kwanza, maana ni rahisi.

Hamisha mafaili kwenye kompyuta, fungua picha moja ya mzee, na ufuate mpangilio huu. Anza na rangi. Kwenye mizani ya weupe (White Balance) kuna kitufe kilichoandikwa Pick. Ukikibonyeza, unagusa sehemu ambayo kwa macho haina rangi, na programu inasawazisha picha yote kwa kipimo hicho. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa wanagusa kanzu. Kanzu nyingi hufuliwa kwa bluu. Programu ikiambiwa kwamba ubluu huo ndio weupe, inamwaga manjano juu ya picha nzima na uso wa mzee unakuwa wa chungwa. Ukuta wa chokaa kuukuu nao una umanjano wake, hivyo utapata kosa la upande wa pili. Gusa kitu cha kijivu: sakafu ya saruji, au kipande cha kadibodi ya kijivu ulichompa akishike kwenye picha ya kwanza. Kama hakuna, sogeza kitelezi cha joto la rangi kwa mkono. Jua la mchana huwa karibu kelvini 5,500, kivuli hupanda hadi 7,000 au zaidi, na balbu za njano za ukumbini hushuka hadi 3,000 hivi. Chini ya mwembe kuna tatizo jingine, kwani majani hutupa ukijani usoni. Huo hauondoki kwa joto la rangi. Tumia kitelezi cha pili, Tint, ukisogeza kidogo kuelekea zambarau.

Rangi ikikaa, nenda kwenye mwangaza. Tazama uso peke yake na upandishe Exposure compensation mpaka ngozi ionekane kama ulivyoiona. Kwa picha yetu pengine itakuwa +0.7 au +1. Ngozi nyeusi isisukumwe iwe ya kahawia hafifu. Programu nyingi zina kitufe cha kujirekebisha zenyewe, nacho hupenda kufanya hivyo hivyo kwa sababu kinakisia kwamba kila picha wastani wake ni kijivu. Usikibonyeze. Mng'ao wa paji la uso na shavu ndio unaochora umbo la ngozi nyeusi. Ukiinua vivuli vyote, sura inakuwa bapa.

Kwa kupandisha mwangaza, kanzu imepanda nayo. Fungua Shadows/Highlights na upeleke Highlights kwenye 40 hivi. Mikunjo ya kifuani na ule uzi wa tarizi shingoni vinarudi, ikiwa pikseli hazikufurika. Pakibaki doa jeupe lisilo na chochote, ujue hilo limeshakwenda, liache jeupe. Ukizidi kulivuta litageuka kijivu kama kitambaa kichafu. Kisha peleka Shadows kwenye 15 au 20 ili nakshi za mlango zionekane. Ukifika 60, utaona ukingo wa mwanga umezunguka kofia kama taa. Ukingo huo huo ndio unaoharibu picha za jahazi juu ya anga, na mtazamaji huuona hata kama hajui jina lake.

Chengachenga na ukali wa picha vitazame kwa ukubwa wa asilimia 100 tu. RawTherapee haionyeshi kazi ya kupunguza chengachenga ukiwa umeirudisha picha iwe ndogo, na wapo wanaosogeza kitelezi hadi mwisho wakidhani hakifanyi kazi. Picha inatoka na ngozi ya nta. Kwa ISO (kipimo cha usikivu wa kamera kwa mwanga) ya 100 hadi 400 mara nyingi hutahitaji kugusa kabisa. Rangi za ziada nazo ziache: bahari ya Bagamoyo kwa siku nyingi ina maji ya udongo udongo, si ya samawati ya kadi za watalii, na kuipaka samawati kunapaka pia kivuli cha kanzu.

Hifadhi nakala mbili. Ya kutuma mitandaoni iwe JPEG ya ubora wa 90, upande mrefu pikseli 2,048, rangi za sRGB. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama hati, la sivyo programu itaibana upya na mabaka uliyoyakimbia yatarudi. Ya kuchapisha saizi ya inchi 6 kwa 4 inahitaji angalau pikseli 1,800 kwa 1,200, hivyo usiwapelekee wachapaji ile uliyoipokea kwa WhatsApp.

Faili ghafi lenyewe halibadiliki hata ufanye nini. Kazi yako yote huandikwa kwenye faili dogo la pembeni lenye jina lile lile na mwisho wa .pp3, au .xmp ukitumia darktable. Ukihamisha picha kwenye diski nyingine bila faili hilo, utaikuta picha iko kama ilivyotoka kwenye kamera. Hamisha folda nzima, hakikisha picha zinafunguka huko zilikokwenda, ndipo uifute kadi, tena ukiwa umeirudisha ndani ya kamera.