Fildi ya mtoni: jinsi ya kuifanya ikufae wewe na mto wenyewe

Wadogo zangu mnaojiandaa kwa fildi, yaani mafunzo ya vitendo ya chuo, barua ya maombi ipelekeni mapema kwenye bodi ya bonde la maji, likizo ndefu ikiwa bado miezi kadhaa. Tanzania ina mabonde tisa ya maji, kila moja na bodi yake: Pangani iko Moshi, Rufiji Iringa, Wami/Ruvu Morogoro. Mimi nilifanyia Morogoro, kwenye vijito vya Uluguru vinavyoulisha mto Ruvu, ambao wakazi wa Dar es Salaam wanaunywa kila siku. Kwenye barua taja mto na unachotaka kupima. "Naomba nafasi ya kujifunza" kila mtu anaandika.

Julai hadi Oktoba maji hupungua, na huo ndio wakati mzuri. Kiangazi kinaonyesha nani anachota wapi.

Anza na mtiririko. Mashine ya ofisi ya kupimia kasi ya maji ikiwa imechukuliwa, chungwa linatosha. Tafuta mahali mto umenyooka, pima mita 10 ukingoni, chomeka kijiti kila mwisho. Mwenzako aliachie chungwa juu kidogo ya kijiti cha kwanza, wewe ushike saa. Rudieni, mchukue wastani. Kisha pima upana, na kina kila nusu mita. Zidisha kasi kwa upana kwa kina cha wastani, halafu kwa 0.85, maana maji ya juu hukimbia kuliko yale yanayosuguana na mawe ya chini. Chungwa likitumia sekunde 20, mto ukiwa na upana wa mita 4 na kina cha sentimita 30, unapata kama lita 510 kwa sekunde.

Halafu wadudu, sehemu niliyoipenda kuliko zote. Tega wavu, geuza mawe mbele yake penye maji ya kasi, mwaga ulichopata kwenye beseni jeupe, utulie. Mwanzoni utaona takataka tu. Baadaye zinaanza kutembea. Vidudu bapa vyenye mikia myembamba vilivyong'ang'ania jiwe ni habari njema, kwani havivumilii uchafu. Ukipata minyoo myekundu na ruba peke yao, panda na mto ukaangalie kinachomwagwa huko juu. Ofisini waulize kuhusu TARISS, utaratibu wa Tanzania wa kuupa mto alama kwa wadudu wake.

Sheria inalinda mita 60 kutoka ukingoni, na bustani za kabichi utazikuta humo humo. Usifike na tepu mkononi. Pitia kwa mwenyekiti wa kitongoji, amkia wazee, kaa uulize. Mzee mmoja alinionyesha jiwe ambalo ujanani mwake halikuwahi kutoka majini. Sasa kila kiangazi linakauka. Hakuna kituo cha vipimo pale, kwa hiyo kumbukumbu yake ni data. Iandike.

Vaa mabuti, usioge kwenye maji yaliyotuama penye konokono, na ukimaliza fildi kapime kichocho. Mawingu yakitanda mlimani, toka mtoni hata kama ulipo jua linawaka, maana mvua ya huko juu huleta mafuriko ya ghafla.

Andika kwa penseli, palepale mtoni. Na kabla hujaondoka, iachie Jumuiya ya Watumia Maji nakala ya vipimo vyako kwa Kiswahili chepesi. Wao ndio wanaokaa kupanga zamu za kumwagilia maji yakiwa haba.